Chupa za Maji Kwanza

Naikumbuka vizuri, mwanangu Neema, siku friji la maabara yetu pale Tandale lilipokata roho. Nilikuwa kijana kama wewe, nimetoka chuoni juzijuzi, sikai kitini. Hata sasa sikai. Magoti yananiuma lakini bado nazunguka nyumba nzima, muulize yeyote hapa. Kwa hiyo usidhani anayekwambia utulie ni mtu mtulivu, thubutu! Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, unahema kama umekimbizwa, unasema chombo chako cha ubaridi kimekubali na leo leo unataka kuweka dawa ndani. Ngoja kwanza. Nisikilize mie.

Zahanati yetu ilikuwa ndogo na maabara ilikuwa chumba kimoja. Mkuu wangu alikuwa Bi Mwanahawa, mama wa Kizaramo, maneno machache, akikutazama kwa juu ya miwani unasahau ulichotaka kusema. Ndani ya friji lile mlikuwa na boksi moja la dawa za kupimia kundi la damu. Moja tu, na lingine hatujui litafika lini. Na dada yangu Saida alikuwa kalazwa hospitali kubwa, anasubiri kujifungua kwa upasuaji, kaambiwa atafute ndugu wa kumtolea damu. Ndugu walikuwa waje kwetu kesho yake kupimwa, ili wenye kundi lake ndio waende. Sasa unaelewa boksi lile kwangu lilikuwa nini.

Dawa zile wewe unazijua. Zikipata joto zinaharibika, zikiganda zinaharibika, na ubaya wake ni kwamba hazisemi. Ukizitazama ziko vilevile. Unampima mtu wa kundi A, dawa imeshapoteza nguvu, unamwandika O, na damu yake inapelekwa kwa mtu ambaye mwili wake utaikataa.

Nikamkimbilia Hamisi, fundi friji wa mtaani kwetu, tumekua pamoja. Hakuniangusha. Akachukua deli kubwa la muuza aiskrimu, lile sanduku la kuzuia joto, akalifungia kompresa aliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya maji ya kunywa, akazungusha bomba la shaba ndani, akaweka na kile kidude cha friji kinachozima na kuwasha chenyewe ubaridi ukitosha. Kufikia mchana deli linanguruma uani, ukiingiza mkono unautoa mbio. Nikapiga vigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia.

"Sista, humo hata maneno yanaganda," Hamisi akasema, anajifuta mafuta mikononi.

Bi Mwanahawa akatoka, akafunua mfuniko, akafunika. Nikadhani atasema ahsante.

"Jazeni chupa maji," akasema. "Moja iguse shaba, moja ikae katikati, moja kwenye kona. Kila moja na thamometa yake. Tutazisoma mpaka kesho asubuhi, na mfuniko tutaufungua kama tunavyofungua siku ya kazi."

"Na dawa, Bi?"

"Zitakaa kwenye barafu."

"Barafu inayeyuka!"

"Basi kalete nyingine."

Jamani! Umeme siku hizo ulikuwa unakatika ovyo, mtaa mzima barafu zimekuwa maji. Nikaenda mpaka Kunduchi kwa wauza samaki, nikarudi na kapu la barafu linanuka vibua, njia nzima nasonya. Nikaipanga kuzunguka boksi, nikaweka kitambaa katikati ili dawa zisiguse barafu, nikakaa chini kulinda. Sikukaa. Nikaenda kutazama deli. Nikarudi kwenye barafu. Nikaenda tena. Kila nikiingia barafu imepungua, na kila nikitoka deli limepoa zuri, lipo tu, limebeba maji ya bomba kama mfalme!

Hamisi naye akaingia kunisaidia. "Bi mkubwa, mie mafriji ndiyo kazi yangu. Hili limekubali."

"Mafriji ya soda na samaki unayatengeneza vizuri, mwanangu, hata la kwangu umelitengeneza wewe," Bi Mwanahawa akamjibu kwa upole. "Hili la dawa za damu ni la kwanza kwako na la kwanza kwangu. Tulitazame wote."

Hapo nikapasuka. Nikamwambia mbele ya watu, "Aliyelazwa kule ni dada yangu, siyo wa kwako!"

Hakupandisha sauti. "Ndiyo maana leo huamui wewe," akasema, akarudi kwenye hadubini yake.

Nililia, nakwambia ukweli. Nililia kwa hasira, huku napanga barafu.

Asubuhi tukafungua deli, mie, yeye na Hamisi. Sasa najua unachongoja. Unangoja nikwambie chupa iliyogusa shaba tuliikuta imeganda na kupasuka, nikaona aibu, nikajifunza. Wala! Chupa zote zilikuwa salama, baridi ile ile tunayoitaka, ya kwenye kona kama ya kwenye shaba. Usiku umeme ulikatika ukarudi, na deli halikuyumba. Hamisi akajipiga kifua. Mie nikamgeukia Bi Mwanahawa, nimejaa majivuno.

"Si nilikwambia! Nilikuwa sawa tangu jana!"

"Ulikuwa sawa," akasema. "Lakini jana hukuwa unajua. Ulikuwa unatamani." Akachukua boksi akaliweka ndani kwa mikono yake mwenyewe, kisha akafungua dirisha la wagonjwa.

Ndugu wakapimwa, shemeji akakutwa ni wa kundi la Saida, akaenda kumtolea damu, na dada akajifungua salama. Lakini maneno yale yalinikaa vibaya. Wiki nzima natamani ile chupa ingepasuka, angalau nishindwe kihalali. Ilinichukua muda kuona kwamba siku ile, kwa vile nilivyokuwa nampenda dada yangu, ningeweza kumwekea dawa zake mahali ambapo mie mwenyewe sipajui, na ningepaita upendo.

Basi mwanangu, siandiki haya kwa sababu nadhani chombo chako kibovu. Huenda ni kizuri kuliko deli la Hamisi. Nina wasiwasi na hiyo sauti yako, maana naijua, ni yangu. Jaza chupa maji. Iwekee thamometa hata ile kona unayoona haina maana. Kizime kama umeme unavyokizima huko kwako Temeke, ufungue mfuniko kama mtu mwenye haraka anavyoufungua. Dawa ziache kwenye barafu, na barafu ikiisha kalete nyingine, ukisonya sonya tu, hakuna aliyekukataza. Watakaokuja dirishani kwako watanyoosha mkono wakitazama pembeni wasione sindano. Hawatakuuliza dawa zimelala wapi. Wao wanadhani unajua, na wana haki ya kudhani hivyo.

Kesho chupa zikiwa salama nipigie, nitapiga vigelegele mpaka majirani waje. Zikiganda nipigie pia. Mola akujalie kazi isiyokuumbua, akupe moyo wa kuvumilia hata siku unayohisi uko sawa, na wote utakaowapima warudi makwao wakiwa wazima. Amin.