Vidudu Vizuri vya Usingizi

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye farmasi moja ya mtaa wa Makiso, nyuma ya baba kijana aliyembeba mwanawe wa mwaka mmoja hivi. Macho yao wote wawili yalikuwa mekundu.

"Mama, unipatie tena ile antibiotiki," alimwambia muuzaji. "Tangu alipona kikohozi, halale. Tumbo inamusumbua."

Muuzaji alitikisa kichwa. "Hapana, papa. Ile dawa iliua vidudu vibaya, lakini iliua na vizuri. Vile vizuri vinatuliza tumbo, na wanasayansi wanasema pengine vinasaidia hata usingizi."

"Vidudu vizuri? Kwa mutoto yangu?" Baba aliinua shati la mtoto, akalitazama tumbo kana kwamba angeviona.

"Eh! Anyonye, akule ndizi. Vitarudi pole pole. Kama haiko sawa, bon, umupeleke kwa docteur."

Baba aliondoka bila dawa, amenuna.

Jana nilimkuta sokoni, uso umechangamka lakini macho ni yale yale. Nikamuuliza habari za mtoto.

"Analala muzuri, tonton! Sasa ni miye silale. Niko nasikiliza kama anapumua."

Ugonjwa huo naujua. Wanangu wameshaota ndevu, na bado haujanitoka.