Kafili Anavaa Namba Ngapi

Juzi nilipita mtaa wa Sharafiya nikaona vijana wanacheza mpira, golini hamna mtu. Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa kocha wa timu ya Wazanzibari waliokuja Uarabuni kutafuta kazi, pale mtaa wa Kandara, na kila Ijumaa baada ya Alasiri tulifungwa. Vumbi la kiwanja lilinuka mafuta ya mabasi. Mimi nilikaa kando ya lundo la ndara za wachezaji, nikimsikia baba akilalama.

"Winga kafili kampeleka Riyadh! Na leo kipa naye kafili kamkatalia kutoka! Timu gani hii, jamani?"

Sikujua kuwa kafili ni tajiri anayekushikia karatasi zako, akisema hama unahama. Nilidhani ni beki wa wapinzani, pande la mtu.

"Baba, kafili anavaa namba ngapi?"

Siku hiyo tulifungwa saba.

Wiki ile ile gari jeupe lilisimama mlangoni kwetu. Akashuka mzee mfupi ananukia udi, tasbihi mkononi. Baba akatoka na begi.

"Huyu ndiye kafili wangu," aliniambia. "Nahamia Riyadh."

Niliitazama miguu ya yule mzee. Ilikuwa myembamba, hata mbio asingeweza.

Ijumaa iliyofuata timu ilifungwa tena. Safari hiyo hakulalama mtu.