Tabo Juu ya Kabati la Vyombo

Pikapu yangu ya dizeli ilikuwa ikihema kama mgonjwa kila ilipopanda kutoka Rusumo kuelekea Benaco. Malori yenye kontena yaliipita. Siku moja ilipitwa na pikipiki iliyopakia mikungu minne ya ndizi na mama mmoja juu yake, naye akanipungia mkono kwa huruma. Siku hiyo niliamua kununua tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada ili ipate nguvu.

Niliipata Rusumo kwa wakala wa forodha ambaye mteja wake aliitelekeza. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sikununua kienyeji: nilimweleza wakala habari za mgandamizo wa hewa mpaka akaanza kutazama saa. Nyumbani Ngara nikaiweka sebuleni, juu ya kabati la vyombo, nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma.

"Utaifunga lini?" mke wangu aliuliza.

"Mvua zikiisha. Injini haifunguliwi kwenye unyevu."

Mvua zikaisha. Nikasema vumbi la kiangazi ni baya zaidi. Halafu nikagundua kwamba tabo bila bomba kubwa la moshi ni kazi bure, nikanunua bomba, likalala nyuma ya kochi. Kila mgeni alipata somo. Mchungaji wetu alisikiliza mpaka chai ikapoa, kisha akapendekeza tuviombee vyuma vile. Nadhani alikuwa anatania. Fundi wangu wa Biharamulo, mzee asiye na maneno mengi, alinipigia simu mara tatu: "Mwalimu, lete gari." Nikamjibu kwamba mambo haya yanataka mpango.

Basi, mdogo wa mke wangu akaolewa. Kwao ni Kaniha, bwana harusi ni wa Ngara, na mimi nilikuwa nimeisifu pikapu yangu kana kwamba tabo imeshafungwa, hata nikapewa heshima ya kumbeba bibi harusi. Tuliipamba kwa maua na utepe. Ikaenda vizuri mpaka mlima wa kwanza wa maana. Katikati ya mlima ikatoa moshi mweusi, ikatetemeka, ikasimama. Bodaboda za msafara zikatupita zikipiga honi. Bibi harusi akateremka, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaanza kusukuma.

Baba mkwe akatoka kwenye gari la nyuma. Nikamwamkia, ingawa tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kile chuma cha pale sebuleni kwako, kazi yake nini?"

Nikaanza kumweleza.

"Sukuma," akasema.

Wiki iliyofuata nilipeleka gari na vyuma vyangu vyote Biharamulo. Fundi akachungulia mdomo wa tabo, akanitazama, akachungulia tena. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba za udongo humo ndani. Akazikwangua kwa waya, kisha akaigeukia injini.

"Ringi za pistoni zimekwisha," alisema. "Nikiifunga tabo hapa, injini itapasuka kabla hujafika Ngara."

"Kwa hiyo nisubiri?"

"Umesubiri vya kutosha. Ulipoinunua, injini ilikuwa bado na uwezo wa kuibeba." Akachomoa chujio la hewa. Lilikuwa limejaa vumbi, manyoya ya kuku na kiota cha panya. "Na hili, mwalimu, uliwahi kulitazama?"

Sikuwa nimelitazama. Nilikuwa nimeifundisha nusu ya Ngara habari za hewa, na gari langu lilikuwa likivuta pumzi kupitia kitanda cha panya.

Akabadilisha ringi, akaweka chujio jipya, na pikapu ikapanda mlima ule bila tabo yoyote. Haikuruka, lakini haikusimama.

Tabo nilimuuzia mfanyabiashara wa mahindi mwenye pikapu kama yangu, ila yenye injini nzima. Yeye hakuuliza habari za mvua wala vumbi. Aliinunua asubuhi, fundi akaifunga siku hiyohiyo, nami nikasimama pembeni ya boneti nikiwaeleza wote wawili jinsi inavyofanya kazi. Hakuna aliyeniuliza.