Mzee Aliyesikia Viatu

Niliacha shule mapema na sina kipaji cha kutunga, kwa hiyo nisikilize tu: haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Birmingham, saa sita mchana, nikiwa sijanywa kitu ila chai.

Asubuhi hiyo niliondoka kwa mama mdogo, kule Shard End, bila mpango wowote. Viatu nilivibeba mkononi hadi nje nisimwamshe. Nilikuwa nimelalia kochi lake miezi saba, na niliona aibu kuaga. Nikatembea tu, kama kawaida yangu, nikitazama huku na huku, hadi Saltley.

Huko nikaona wanaume wakipanda ngazi za ukumbi ulio juu ya duka la kinyozi, na harufu ya wali ikishuka. Nikadhani ni mgahawa. Nikapanda. Viti vimepangwa kuzunguka kuta, watu wametulia, chai inagawiwa. Walikuwa Wakurdi, niliwajua kwa suruali pana za wazee. Hakuna aliyeniuliza kitu.

"Kuya, ikala," mzee mmoja akaniita, akipapasa kiti cha kando yake.

Nikakaa. Akanieleza mji wake, Sulaimaniya. Milima imeuzunguka, Ijumaa familia zinapanda na mazulia na birika za chai, na mtu akifiwa mtaa mzima unakuja kuketi naye.

"Kama kwetu Bukavu," nikasema.

"Bukavu munajua ziwa. Siye tunajua vumbi," akacheka.

Umeshaona nilichokosa kukiona? Mimi sikukiona. Nilikuwa na njaa.

Kisha akaniinamia. "Ule wa shati nyeusi, pale mulangoni, ni mutoto wangu Karwan. Anafikiri nilimukasirikia, sababu aliondoka alfajiri bila kuaga. Umuambie nilikuwa macho. Nilimusikia akivaa viatu. Nilinyamaza ili asishindwe kwenda."

"Si umwambie mwenyewe, mzee?"

"Nimejaribu. Yeye hasikii. Weye unasikia."

Nikaenda, nikamweleza Karwan kwa Kiingereza, neno kwa neno. Akanikazia macho. "Mzee gani?"

Nikageuka kumwonyesha. Kiti kitupu. Nikarudisha macho, na nyuma ya Karwan, mezani, nikaiona picha yenye utepe mweusi. Ni yeye, niamini. Alikuwa amefariki siku tatu nyuma, kwao Sulaimaniya, na maishani mwake hakuwahi kupanda ndege. Hapo ndipo nilipojiuliza: Mkurdi gani anaongea Kiswahili cha Bukavu?

Karwan hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu. "Alisema viatu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaketi sakafuni. Alivivaa gizani alfajiri aliyoondoka kwao, akaniambia baadaye, na hakuwahi kumsimulia mtu.

Jioni akanichukua hadi kwake Erdington. Kuna chumba alichokuwa amemwandalia baba yake, wakingojea viza: kitanda, mswala, ndara mpya zenye lebo. "Lala hapa, kaka," akasema.

Nikampigia mama mdogo.

"Nilikusikia, mjinga weye," akasema. "Umesahau chaja."

Nakaa humo mpaka leo. Ndara sijazigusa. Kila alfajiri nikiinama kufunga kamba za viatu, kitanda nyuma yangu hulia, kama kuna mtu anayegeuka taratibu.

Nawe ukiondoka kwa mtu alfajiri, mwamshe umuage. Usidhani amelala.