Wembe wa Watoto wa Nyumbani

Mama yangu alikuwa mpiga chuku wa wanawake wa mtaa wetu wa Kyebando. Waliomjia na vichwa vizito au viuno vilivyokaza aliwachanja kidogo mgongoni, akabandika pembe na kuvuta damu chafu. Kila mteja alifunguliwa wembe mpya. Hapo mama hakuwa na mzaha. Mimi na mdogo wangu alituchanja kila Ramadhani ikikaribia, na wembe wetu ulikuwa mmoja.

Macho ya mdogo wangu yalipogeuka manjano, mama alisema ni enkaka, kama Waganda wanavyouita ugonjwa huo, akampikia majani machungu. Alimnywesha wiki tatu. Kwetu kumbishia mama juu ya dawa ni kutafuta laana, basi nikanyamaza, na ukimya ule unanikera hadi leo. Tumbo lilipojaa maji ndipo tulipompeleka hospitali.

Daktari alisema ni homa ya ini, aina ya B, ya miaka mingi, na majani yale yamelimaliza ini lililokwisha kuumia. Akauliza kama mgonjwa hunywa pombe, kama aliwahi kuongezwa damu, kama ametumia sindano au wembe wa mtu mwingine. Mama akajibu kwa fahari:

"Musawo, watu wa nje kila mtu na wembe yake. Hawa wangu nachanja na moja tu. Si damu moja?"

Daktari akaacha kuandika.

Nilipopimwa, nami nikakutwa na kirusi. Daktari akatueleza taratibu: huenda mama anacho, akatuambukiza sote wakati wa kuzaliwa, jambo ambalo halina wa kulaumiwa. La sivyo, mmoja wetu alikipata kwingine na wembe ukampelekea mwenzake. Mama akatoa damu apimwe, tukaambiwa majibu yatatoka baada ya siku mbili.

Siku mbili zile hakuondoka kwenye mswala. Nilidhani anaomba awe mzima, na kwa hasira niliyokuwa nayo nikamwona mbinafsi. Mdogo wangu alifariki siku ya pili, alasiri, tukamzika kesho yake.

Tulirudi hospitali kuchukua majibu. Daktari alitabasamu, maskini, akidhani analeta faraja. "Mama, wewe huna kitu. Uko mzima kabisa."

Mama akakunja mkono wa baibui, akamnyooshea mkono.

"Pima tena, musawo," akasema. "Nakuomba. Tafuta vizuri."