Sindano ya Alfajiri Kabla ya Kipimo cha Kaka Damiani

Kilichotutoa Masasi ni picha moja. Kaka yangu Damiani, mchonga vinyago, alikuwa amemaliza dawa za saratani ya mitoki, yaani tezi za kinga mwilini, na daktari wake akataka kujua kama ugonjwa umekwisha au umejificha. Kipimo chenyewe kinaitwa PET, na kwetu kusini hakipo. Kaka ana kisukari pia, anachoma insulini. Nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikamsindikiza.

Basi liliondoka kukiwa bado na umande. Njiani kaka hakuzungumza sana. Abiria waliponunua korosho na mahindi ya kuchoma, yeye alikunywa maji na kutazama miti. Tulipokaribia Rufiji aliniambia kwamba jibu baya halimtishi sana. Anachoogopa ni kurudishwa bila jibu.

Mbagala tulifika jua likielekea kuzama, tukavuka jiji hadi Manzese kwa mama mdogo Levina, mdogo wake marehemu mama yetu. Anakaa nyuma ya karakana za kuchomelea mageti. Tulimwamkia, akatuandalia wali wa nazi na samaki, akatupa habari za ukoo mpaka kaka akaomba kulala. Hospitali ilishatuambia kwa simu kwamba baada ya chakula hicho asile tena, anywe maji tu. Na kuhusu insulini, aulize kwanza kabla ya kuchoma.

Alfajiri kaka alijipima sukari, akakuta iko juu. Hakuuliza mtu. Alijichoma insulini ile ifanyayo kazi haraka, akavaa shati, tukapanda mwendokasi kwenda mjini. Mie sikujua lolote.

Hospitalini muuguzi alimtoboa kidole, akasema sukari iko vizuri. Nilifurahi. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Baba, leo umechoma insulini?"

Kaka alitazama mkoba wetu, akatazama mlango wa chumba cha mashine. Neno moja la uongo lingemfikisha ndani.

"Nimechoma," akasema. "Alfajiri. Sukari ilikuwa juu, nikaogopa mtanirudisha."

Muuguzi hakumgombeza. Alimwita daktari, mama wa makamo, naye akavuta kiti akaketi nasi. Alitueleza kwamba mgonjwa huchomwa sukari maalumu yenye mionzi kidogo. Chembe za saratani zina uchu wa sukari, huivuta kwa wingi, ndiyo maana hung'aa kwenye picha. Damu ikijaa sukari yake yenyewe, ile ya kipimo hugombania nafasi na mng'ao hupungua. Insulini nayo ina lake: hufungua milango ya misuli, na ile sukari ya kipimo ikakimbilia mapajani, mikononi na moyoni.

"Namba yako ni nzuri, lakini picha itatudanganya," alisema. "Uvimbe mdogo unaweza kufifia, tukakwambia umepona."

Wakampa chakula ili sukari isishuke mno, wakamwangalia kwa muda, kisha wakatupangia keshokutwa. Daktari alimwelekeza insulini ipi achome jioni na ipi aiache. Akamkataza pia kazi nzito na matembezi marefu, kwa sababu misuli iliyochoka nayo hula sukari.

Tuliporudi Manzese, mama mdogo alisikiliza habari yote, akashika shavu. "Basi ni wali wangu uliowaponza," akasema. Kaka akamjibu kwamba wali hauna kosa, ni woga wake mwenyewe. Kesho yake alikula ugali kidogo kwa mchicha, mapema. Alitamani sana kwenda Mwenge kuwaona wachongaji wenzake, lakini alishinda kibarazani akisikiliza mafundi wakigonga vyuma.

Siku tuliyopangiwa, sukari yake ilikuwa juu kidogo kuliko mara ya kwanza, ila ndani ya kiwango walichokubali, na safari hii bila sindano ya asubuhi. Walimchoma ile sukari yenye mionzi, wakamlaza kwenye chumba kimya, wakamfunika blanketi. Aliambiwa atulie, hata maneno ayapunguze. Baadaye ndipo akaingizwa mashineni.

Siku ya majibu daktari alitugeuzia kioo cha kompyuta. Mitoki ya shingoni ilikuwa imetulia. Kifuani palibaki kidoa kimoja, kidogo, kinang'aa. Alisema watakichunguza, na huenda kaka akaanza dawa nyingine. Kaka aliuliza kama kingeonekana siku ile ya kwanza. Daktari akasema hawezi kuapa, lakini kingeweza kupotea.

Tulirudi kusini tukiwa na tarehe ya kuja tena. Nami nimejifunza kwamba sukari nzuri kwenye kipimo haitoshi. Mwenye kupima lazima ajue imeshukaje.

Basi lilipoiacha Mbagala, kaka alimpigia mkewe. Alisikiliza kwanza, kisha akasema taratibu, "Bado ipo kidogo, mama. Lakini wameiona."