Brandi Chini ya Udi

Nililelewa na masista wa misheni hapa Bagamoyo, kwa sababu nilishushwa pwani nikiwa mtoto mdogo wa kuuzwa, na mapadri wakanikomboa. Hilo watu wa mtaa wa Dunda walilijua walipokubali kijana wao anioe. Nilisilimu, nikajifunza kuswali, na mama mkwe wangu akawaambia majirani kwamba amepata mkamwana mpole. Jambo asilolijua ni kazi niliyokuwa nikiifanya kule misheni.

Nilikuwa mtunza divai. Divai ya misa ilikuja na meli, ndani ya mapipa, na kwa joto la safari mapipa mengine yalifika yamekwisha kuchacha. Sista mmoja mzee, aliyekulia kwenye mashamba ya mizabibu huko kwao, alinichukua ghalani akanifundisha. Alimimina kidogo katika bilauri, akaizungusha, akanipa ninuse.

"Usiniambie kama ni nzuri au mbaya," alisema. "Niambie inanukia nini."

Mwanzoni niliona divai tu. Baadaye nikaanza kupata zambarau zilizoiva, ngozi ya viatu vipya, udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Katika pipa linaloanza kuharibika nilipata ukali mwembamba wa siki, uliokuja mwisho, baada ya mengine yote kupita. Kisha tuliitia kinywani, tukaizungusha juu ya ulimi, tukaitema mchangani. Hatukumeza. Alininusisha pia brandi waliyowekewa wagonjwa, akasema divai hukaa ulimini lakini brandi hupanda puani. Na zarambo, ile pombe kali inayopikwa kwa tembo la mnazi, niliijua kwa harufu yake ya shaba iliyoungua.

Niliipenda kazi ile. Nilipokuwa mke wa watu, nikisujudu pamoja na wenzangu, kuna siku niliikumbuka harufu ya ghala lile nikaona haya hata mbele ya Mungu.

Kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao, wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba, aliposwa na kijana mfanyabiashara wa sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti. Alikuwa mzuri wa sura, mwenye kauli tamu, na safari za Unguja haziishi. Siku ya harusi nilipewa chetezo nimfukize udi bwana harusi mlangoni, kabla hajaingia kumpa mkono mkewe. Nilimkaribia. Udi ulipanda, halwaridi ikapanda, karafuu alizotafuna zikapanda. Chini yake, kitu kingine kikanipanda puani.

Nilimfuata mama mkwe uani, walikokuwa wakipakua pilau.

"Mama, bwana harusi amekunywa."

"Amekunywa nini?"

"Brandi. Si tembo, wala si zarambo. Ni brandi ya Ulaya, tena ile iliyokaa sana ndani ya pipa la mti. Amekunywa sasa hivi, kabla ya kuja."

Kwa haraka yangu nilikuwa nimesema mengi mno. Mama mkwe hakugeuka kuutazama mlango aliosimama bwana harusi. Alinitazama mimi.

"We mwana, umeyajuaje yote hayo?"

Wanawake waliacha kupakua.

"Nilifundishwa misheni, mama. Nilikuwa nikiionja."

"Ukiionja?"

"Nikiitema. Wallahi sikumeza."

Shangazi wa bwana harusi akapiga makofi. "Haya, sikieni! Mkamwana wa nyumba hii anazijua pombe kwa majina! Halafu yeye ndiye wa kumsingizia mwanetu!"

Walicheka. Nilihisi uso wangu unawaka.

"Nenda chumbani kwako," mama mkwe akaniambia kwa sauti ya chini. "Usitoke mpaka wageni wote waondoke."

Nikavisikia vigelegele kupitia ukutani. Mume wangu alipoingia aliniuliza kwa nini sikumwambia yeye mapema. Nikamjibu kwamba niliona haya. Hakunigombeza, ila alikaa akiitazama mikono yake, na hilo liliniuma kuliko matusi. Tangu siku ile nilipofika kisimani mazungumzo yalikatika, na sikuitwa tena kupika kwenye shughuli ya mtu. Wifi yangu akahamia kwa mumewe bila mtu kumwambia yaliyosemwa uani. Nilipokutana naye njiani tuliamkiana, nami nikapita upesi.

Mvua za masika zilipokwisha alirudi nyumbani, chupa ameifunga ndani ya leso. Mumewe alimwambia ni dawa ya kifua. Akiinywa hulia, kisha humpiga. Mama mkwe akamleta chumbani kwangu, ambako alikuwa hajatia mguu tangu harusi.

"Nusa," akasema.

"Mama, si bora aitwe mganga?"

"Nimekwambia nusa."

Niliogopa. Kila neno ambalo ningelitamka lingenithibitisha kuwa mimi ni yule yule waliyemcheka. Nikafungua kizibo. Shaba iliyoungua. Yule kijana alikuwa ameteremka, kutoka brandi ya Ulaya hadi pombe ya bei rahisi.

"Ni zarambo, mama. Si dawa."

"Na siku ile?"

"Siku ile ilikuwa brandi. Kama nilivyokwambia."

Mama mkwe akaketi kitandani kwangu. "Niliogopa watu," alisema. "Nilikuona wewe ndiwe aibu ya nyumba yangu."

Wifi yangu alimgeukia. "Mama, kumbe ulijua?"

Kisha wifi akanigeukia mimi.

"Na wewe, wifi? Miezi yote hii tunapishana njiani. Mimi mbona hukuniambia?"

Nilisimama na chupa mkononi. Ningeweza kumwambia kwamba nilifukuzwa uani, kwamba nilichekwa, kwamba nani angeniamini. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotoka kinywani.

Kadhi alimtoa katika ndoa ile, na baadaye akaolewa na mkulima wa Fukayosi, mtu mtaratibu. Nikienda kumwona hunikaribisha vizuri, hunikalisha penye kivuli, hunipa dafu. Hajaniuliza tena. Nami kila ninapoondoka kwake huondoka na jibu ambalo bado sijampa.